Shujaa wa Nyotani na Ubaguzi wa Hapa Duniani

Wajukuu wangu wa Muheto, na ninyi wote mnaosoma haya kuanzia milima ya Masisi hadi misitu ya Walikale, leo nataka kuwaeleza habari za hadithi za sayansi: zile za watu wanaosafiri angani, wanaorudi katika nyakati zilizopita na kwenda katika nyakati zijazo. Baadhi yenu mmeziona kwenye simu ya kaka, au katika nyumba ya video inayowashwa kwa nguvu ya jua. Mnazipenda, nami sikatazi. Ila nataka mjue kuzitazama, kwa sababu ndani yake mna jambo zito: namna watu wanavyowasimulia watoto habari za ubaguzi.

Kwanza, msidhani kwamba safari za angani zililetwa na wageni. Wanyanga wa Walikale wanaye Mwindo, mtoto aliyezaliwa tayari anasema na kutembea, na usinga wake mkononi. Babake, Shemwindo, alitaka mabinti tu, akajaribu kumwua. Mwindo akapita chini ya maji, akashuka hadi kuzimu. Baadaye Nkuba, bwana wa radi, akampandisha mbinguni. Akakaa huko mwaka mzima, akapigwa na baridi, mvua na jua, akafunzwa na Mwezi, Jua na Nyota. Mwaka 1956 mzee Shekarisi Rureke aliuimba, akaucheza na kuusimulia utenzi huo kwa siku 12, ukaandikwa. Mwaka 1969 ulitoka kitabuni kwa kazi ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene.

Mwindo aliporudi kijijini alitoa amri kwa watu wake. Aliwaambia walime vyakula vya kila aina, wakae katika nyumba nzuri, wasimcheke kilema anayepita, wasiwekeane chuki, wawapokee watoto warefu kwa wafupi. Angalieni vizuri: shujaa alikwenda juu kwenye nyota, lakini alichorudi nacho ni sheria ya kuishi na jirani. Hadithi ya angani isiyotufundisha kuishi na jirani imetuchezesha tu.

Sanduku la bluu

Sasa twende Uingereza. Kuna kipindi cha televisheni kinachoitwa Doctor Who. BBC ilianza kukirusha Jumamosi jioni, tarehe 23 Novemba 1963, saa ambayo wazazi na watoto huketi pamoja. Kiliongozwa na dada kijana, Verity Lambert, na picha zake za kwanza zilielekezwa na Waris Hussein, mzaliwa wa India. Mhusika wake mkuu anaitwa Daktari. Yeye si mtu wa dunia hii. Husafiri kwa sanduku la bluu lililofanana na kibanda cha polisi wa Uingereza wa zamani, ambalo kwa nje ni dogo na ndani ni kubwa mno. Akikaribia kufa mwili wake hubadilika, akapata sura mpya na tabia mpya. Kwa hiyo waigizaji wengi wamepokezana nafasi hiyo.

Waliokianzisha walikuwa na shabaha ya kuwafundisha watoto. Safari za kwenda mbele zifundishe sayansi, na safari za kurudi nyuma zifundishe historia. Mapema kabisa walikutana na swali gumu. Ukifika zamani ukaona uovu, je, uuzuie? Mwaka 1964 walionyesha mwalimu Barbara akiwa Mexico ya kale, anataka kuzuia watu wasitolewe kafara. Daktari akamwambia historia haibadiliki. Kwa swali hilo mimi naongeza la kwangu: je, shujaa mgeni ana haki ya kuwanyang'anya watu wa mahali pale kazi yao ya kujikomboa?

Basi la Montgomery

Jibu zuri kuliko yote niliyoyaona lilitoka tarehe 21 Oktoba 2018, katika sehemu iliyoitwa Rosa. Iliandikwa na Malorie Blackman pamoja na Chris Chibnall. Blackman, mtunzi mashuhuri wa vitabu vya vijana, ndiye mwandishi Mweusi wa kwanza kukiandikia kipindi hicho, na kipindi kilikuwa kimeshatimiza miaka 55 kasoro mwezi mmoja.

Hadithi inakwenda hivi. Daktari, safari hii akiwa mwanamke, anafika Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani, mwishoni mwa Novemba 1955. Ana wenzake watatu kutoka Uingereza: Ryan, kijana Mweusi, Yaz, binti wa ukoo wa Pakistani, ambaye ni polisi, na Graham, mzee Mzungu aliyekuwa dereva wa basi na aliyemwoa Grace, bibi yake Ryan. Hawajatembea mbali, mwanamke Mzungu anaangusha glavu yake. Ryan anaiokota ampe, kama alivyolelewa. Mume wa yule mwanamke anamzaba kofi. Hapana jitu la kutisha lililompiga. Aliyempiga ni mtu wa kawaida aliyevaa vizuri, anayetembea mchana kweupe na mke wake, na hakuna hata mmoja aliyeshangaa.

Katika mji huo mtu Mweusi alilipa nauli mbele kwa dereva, kisha mara nyingi akalazimishwa kushuka na kupanda tena kwa mlango wa nyuma. Viti vya mbele vilikuwa vya Wazungu. Vikijaa, Weusi waliokaa katikati waliamriwa kusimama. Basi yule adui wa hadithi, Krasko, ametoka wakati ujao. Anataka Rosa Parks asipate nafasi ya kukataa amri hiyo. Hawezi kuua, kwa hiyo anaharibu vitu vidogo vidogo: dereva apate siku ya kupumzika, basi liharibike, abiria wapungue. Daktari na wenzake wanahangaika kurudisha kila kitu mahali pake.

Jioni ya tarehe 1 Desemba 1955 inafika. Mashujaa wetu wako ndani ya basi. Wanataka kushuka ili wasione, lakini wanagundua kwamba wakishuka vitabaki viti vya kutosha, Rosa hataambiwa asimame, na historia haitatokea. Wanalazimika kukaa. Graham, Mzungu, analia moyoni kwamba hataki kuwa sehemu ya jambo lile. Lakini ni lazima awe miongoni mwa Wazungu waliojaza basi. Dereva James Blake anaamuru. Rosa Parks anakataa. Anakamatwa.

Wajukuu wangu, nataka mlielewe jambo hili kwa undani. Daktari ana akili kuliko binadamu wote na chombo kinachovuka nyota, lakini ndani ya basi lile hakufanya lolote. Waandishi walimnyima ushujaa kwa makusudi, ili ushujaa ubaki kwa mwanamke mshona nguo wa miaka 42 ambaye kweli aliishi na kweli alikataa. Hiyo ndiyo heshima. Kama Daktari angemwambia Rosa maneno ya kusema, au angempa nguvu fulani ya kutoka angani, watoto wangejifunza kwamba Mweusi hawezi kusimama mpaka mgeni amsimamishe. Huo nao ungekuwa ubaguzi, hata kama umevaa nguo ya mapenzi.

Kuna sehemu nyingine ninayoipenda. Ryan na Yaz wanajificha nyuma ya mapipa ya taka, polisi wanawatafuta. Hapo wanazungumza juu ya maisha yao wenyewe huko Uingereza ya mwaka 2018: Ryan anavyosimamishwa na polisi mara nyingi kuliko rafiki zake Wazungu, Yaz anavyotukanwa kazini na barabarani. Hawamwambii mtoto kwamba ubaguzi ulikwisha zamani. Wanamwambia kwamba mambo yamesogea, na safari bado.

Yale ambayo basi halikuyaonyesha

Sasa niseme na upungufu wake, maana anayekupenda hukuambia kweli. Hadithi ile inafanya ionekane kwamba kama Rosa angekosa basi moja tu, Weusi wa Marekani wangebaki kubaguliwa kisheria. Sivyo. Historia haikutundikwa kwenye msumari mmoja.

Tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Rosa, msichana wa shule wa miaka 15 aitwaye Claudette Colvin alikataa kusimama katika basi la mji uleule, akaburutwa na polisi. Umri wake unakaribiana na wenu mnaosoma haya. Rosa mwenyewe hakuwa mama aliyechoka tu na kazi ya siku ile. Alikuwa katibu wa chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, katika mji wake, na kwa miaka mingi alikuwa amesaidia kuchunguza maovu waliyotendewa Weusi. Dereva Blake alikuwa amemfukuza katika basi lake tangu mwaka 1943, na kipindi kinaanzia hapo. Usiku aliokamatwa Rosa, mwalimu wa chuo Jo Ann Robinson alikesha na wenzake akichapa makumi ya maelfu ya karatasi za kuwaomba watu wasipande mabasi. Watu walitembea kwa miguu, wakapakiana katika magari, kwa siku 381. Na kesi iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani na kuvunja sheria ile ya mabasi ilifunguliwa kwa majina ya wanawake wengine, Claudette Colvin akiwa mmoja wao.

Kwa hiyo mkiitazama Rosa, ipendeni, kisha muulize: wengine walikuwa wapi? Hadithi ya saa moja hupenda mtu mmoja. Ukombozi huwa kazi ya wengi, na wengi wao majina yao hayasomwi darasani.

Makosa ya zamani

Kipindi hichohicho kilishakosea vibaya. Mwaka 1977 kilionyesha mhusika Mchina, mfanya mazingaombwe huko London, na aliyeigiza alikuwa Mwingereza Mzungu aliyepakwa rangi na kubadilishwa macho. Mwaka 2007 Martha Jones, mwanafunzi Mweusi wa udaktari, alifika London ya wakati wa Shakespeare, akauliza kwa hofu kama hatakamatwa afanywe mtumwa. Daktari wa wakati huo, aliyekuwa na sura ya Mzungu, alimjibu kwa wepesi kwamba atembee tu kama mwenye mahali, kama anavyofanya yeye. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na rangi isiyosimamishwa na mtu. Miaka 10 baadaye, mwaka 2017, msafiri mwingine Mweusi, Bill Potts, alifika London ya mwaka 1814, na tajiri mmoja alipomtukana kwa rangi yake, Daktari alimpiga ngumi. Safari hii hofu ya mtu Mweusi haikupuuzwa. Lakini ni Rosa iliyokwenda mbele zaidi, kwa sababu ilimkabidhi kalamu mwanamke Mweusi. Anayeandika ana uzito kuliko anayeonekana.

Wamarekani nao walikuwa na kipindi chao, Star Trek, kilichoanza mwaka 1966. Ndani ya chombo cha angani alikuwamo ofisa mwanamke Mweusi, Nichelle Nichols akiigiza kama Luteni Uhura, jina lililotokana na Kiswahili chetu, uhuru. Alipotaka kuacha kazi, alikutana na Martin Luther King, ambaye alimsihi abaki, maana Marekani ilikuwa inamwona Mweusi mwenye cheo na akili sebuleni mwake kila wiki. Akabaki. Mae Jemison, mwanamke Mweusi wa kwanza kufika angani, mwezi Septemba 1992, amesema kwamba kumwona Uhura utotoni kulimpa moyo.

Tarehe 10 Januari 1969 kipindi hicho kilionyesha watu wawili wa sayari iitwayo Cheron, wanaochukiana kufa na kupona. Wote wawili nusu ya uso ni nyeusi na nusu nyeupe. Wageni hawaoni tofauti yoyote, mpaka mmoja anapoeleza kwa hasira: mimi ni mweusi upande wa kulia, yule ni mweusi upande wa kushoto. Wanafukuzana nyota kwa nyota. Wanaporudi kwao wanakuta sayari nzima imekufa, watu wamemalizana. Hata hapo hawaachi, wanaendelea kupigana juu ya magofu.

Hadithi hiyo ina nguvu, na mtoto yeyote anaielewa. Ila ina hatari yake. Inasema pande mbili zimekosa sawasawa, wakati katika historia ya kweli kuna aliyeshika mjeledi na aliyepigwa. Ukiwavika watu wa nyotani ubaguzi wetu, usisahau kumrudisha mtoto duniani na kumwambia nani alimfanyia nani nini. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua.

Shetani alikuwa ndugu

Wiki tatu baada ya Rosa, tarehe 11 Novemba 2018, ilitoka sehemu nyingine ya Doctor Who, iliyoandikwa na Vinay Patel. Yaz anarudi kwenye ujana wa bibi yake, Umbreen, katika Punjab ya Agosti 1947. Ni siku zilezile Waingereza walipoigawa India kuwa nchi mbili, wakachora mpaka katikati ya vijiji. Umbreen ni Mwislamu, na kesho yake anaolewa na Prem, ambaye ni Mhindu. Viumbe wa kutisha kutoka angani wanaonekana msituni, na Daktari anaamini wamekuja kuua.

Baadaye anagundua ukweli. Viumbe wale walipoteza watu wao wote, nao hawakuwapo kuwaaga. Tangu hapo wanazunguka mbingu wakisimama karibu na wanaokufa bila mtu wa kuwalilia. Hawakuja kuua, walikuja kuomboleza. Muuaji yuko nyumbani. Ni Manish, mdogo wake Prem, kijana aliyekula naye sahani moja, ambaye chuki ya redio na karatasi imemwingia. Anawaleta wenye silaha, na Prem anakufa mbele ya mdogo wake wa damu.

Hii, wajukuu wangu, ndiyo iliyonifanya niandike kwa ajili ya Muheto. Kwetu pia mpaka na daftari vilianzia mikononi mwa wakoloni. Kati ya mwaka 1937 na 1955 Wabelgiji walihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, iliyokuwa pia chini yao, wakawaleta Masisi, Gishari ikiwa mojawapo ya sehemu za mwanzo. Walitaka mikono ya kazi katika mashamba ya kahawa, chai na pareto, na walitaka kupunguza njaa na msongamano kule. Wahunde, wenye ardhi, walibanwa bila sauti ya kutosha. Waliohamishwa nao waliwekwa mahali ambapo haki zao hazikufafanuliwa. Wakoloni wakapenda kuandika kila mtu kwa kabila lake. Rwanda walifika hadi kulichapa kabila kwenye kitambulisho katika miaka ya 1930. Kongo wakaondoka mwaka 1960. Daftari likabaki.

Lakini Wabelgiji hawakuwashika mikono vijana wa leo. Kipindi kile kinatufundisha kuyashika yote mawili pamoja: kumtaja mkoloni aliyechora mstari, na kumtaja pia ndugu aliyechukua panga juu ya mstari ule. Tukimlaumu wa mbali peke yake, wa karibu hatajirekebisha. Wengi wenu mmelala kambini, mmekimbia zaidi ya mara moja, na mnajua kwamba Mhunde, Mnyanga, Mtembo, Mhutu, Mtutsi na Mbuti wote wana makaburi. Wale viumbe waliosimama karibu na wafu hawakuuliza kwanza kabila la maiti.

Mtoto wa Kigali ndani ya sanduku

Mwisho wa mwaka 2023 Daktari alipata sura mpya: Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Kigali mwaka 1992. Familia yake iliikimbia Rwanda wakati wa mauaji ya mwaka 1994, akakulia Scotland. Najua kwamba kwetu jina la Rwanda linachoma mioyo ya wengi, na sababu zipo. Lakini mtoto mdogo anayebebwa na wazazi wake kukimbia kifo, ninyi mnamjua. Mmekuwa yeye.

Tarehe 1 Juni 2024 ilitoka hadithi iliyoitwa Dot and Bubble, ya Russell T Davies. Kuna mji wa vijana matajiri. Kila mmoja anaishi ndani ya duara la picha linalomzunguka kichwa, akizungumza na rafiki zake bila kuinua macho. Majitu yanawala mmoja mmoja, wao hawaoni. Daktari anahangaika kuwaokoa. Mwishoni wachache wamebaki, nje kuna pori la hatari, na Daktari anawaambia waingie katika sanduku lake, watasalimika wote. Wanakataa. Hapo ndipo mtazamaji anatambua jambo lililokuwa mbele ya macho yake tangu mwanzo: mji mzima ni Wazungu watupu. Wanaona heri kufa porini kuliko kuokolewa na mtu mwenye ngozi ile. Daktari anawasihi, hajali watamfikiria nini, mradi waishi. Wanaondoka. Anacheka kwa uchungu, anapiga yowe, analia.

Hapa hakuna somo linalotamkwa. Mtoto anaachwa aone kwamba mbaguzi humkosesha haki aliyebaguliwa, na pia hujikata mkono wa kuokolewa nao. Nanyi jiulizeni: ukiumwa usiku, utamkataa muuguzi kwa sababu ya jina la ukoo wake?

Hadithi yetu wenyewe

Nimezungumza sana juu ya Waingereza na Wamarekani. Lakini Waafrika nao wamekwisha kuanza. Tarehe 5 Julai 2023 Disney+ ilitoa filamu fupi 10 za katuni chini ya jina la Kiswahili, Kizazi Moto, zilizotungwa na vijana wa nchi sita za Afrika. Raymond Malinga wa Uganda alionyesha wachungaji wa ng'ombe wa nyanda za juu, nusu watu nusu mashine, wakipambana na mapepo. Ninyi watoto wa malisho ya Masisi mngejiona humo. Watunzi wa Zimbabwe walionyesha kijana anayeichafua Zimbabwe Kuu ili apate umaarufu, akajikuta katika dunia ambayo ukoloni haukutokea. Kumbukeni kwamba kwa miaka mingi Wazungu walikataa kwamba Waafrika ndio waliojenga kuta zile za mawe, hata baada ya wataalamu wao wenyewe, mwaka 1905 na mwaka 1929, kuthibitisha hivyo.

Na kama sanduku la bluu lingekuja kwa ajili ya Kongo, lingetua wapi? Mimi ningelipeleka New York, Septemba 1906. Huko Ota Benga, kijana wa Kongo wa jamii ya Wambuti, aliyeletwa Marekani mwaka 1904 aonyeshwe kwenye maonyesho ya St. Louis, aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, watu wakamiminika kumtazama. Nisingemruhusu Daktari avunje mlango. Ningemwacha asimame kando, aone wachungaji Weusi wa makanisa ya New York, akiwamo James Gordon, wakipiga kelele mpaka Ota Benga akatolewa. Ningeonyesha pia kwamba hakurudi tena kwao, kwamba alikufa kwa huzuni Virginia tarehe 20 Machi 1916, na kwamba shirika linaloendesha bustani ile liliomba radhi mwaka 2020, miaka 114 baadaye.

Kisha ningeigeuza kamera ituangalie sisi. Wambuti wako hapa, Masisi na Walikale. Serikali ya Kongo ilitia saini sheria ya kuwalinda mwezi Julai 2022. Lakini sheria haikai kwenye benchi la darasa. Mtoto wa Kimbuti anapoingia shuleni na wenzake wakamcheka kimo chake, Mwindo alishawakataza, na Ota Benga anaadhibiwa mara ya pili.

Kwa hiyo mkitazama hadithi yoyote ya namna hii, ulizeni maswali mawili. Uovu umewekwa wapi: kwa jitu la nyotani, au kwa watu waliouvaa kila siku? Na ujasiri umebaki kwa nani: kwa mgeni mwenye chombo, au kwa wale waliosimama kweli? Ikiwa majibu ni ya haki, hadithi hiyo inafaa familia nzima. Kisha kaeni na wazee wenu wa kila kabila, waulizeni walichokiona, mkiandike daftarini bila kumwongezea adui uovu na bila kumpunguzia ndugu kosa. Mwandishi wa hadithi ya Masisi bado hajatoka. Nataka atoke miongoni mwenu.